Uanagenzi wa Darubini Uandikwe katika Hati ya Ardhi

Darubini kubwa za zama zetu hazijengwi mijini. Hutafuta nchi kavu, iliyoinuka, yenye watu wachache, isiyo na taa za barabarani wala vurugu la mawimbi ya redio na simu; na kwa kuwa nchi ya namna hiyo aghalabu ndiyo iliyopitwa na reli, na viwanda, na vyuo, hutokea kwamba wanafalaki, ambao ni miongoni mwa watu waliosoma kuliko wote duniani, hujikuta majirani wa watu ambao serikali zao ziliwasahau tangu zamani. Siku ya uzinduzi husomwa risala, na ndani ya risala hapakosi maneno mazuri mintarafu ya faida zitakazowafikia wenyeji. Lakini risala ikiisha kusomwa na wageni wakiisha kuondoka, mwenyeji hupewa rungu la ulinzi, ufagio na sufuria la jikoni, ilhali bisibisi, leja na funguo za bohari hushikwa na watu waliotoka mbali.

Rai yangu katika makala haya ni moja, nami nitaieleza na kuitetea. Mafunzo ya wenyeji kwa kazi za ufundi na za ofisi katika vituo vya falaki hayafai kuachwa yawe sadaka itolewayo na mwenye darubini baada ya kumaliza ujenzi. Yanastahili kuwa sharti la ardhi, lililoandikwa katika hati ileile inayompa ruhusa ya kujenga, pamoja na nafasi za kazi zinazokusudiwa, muda wa kuzijaza, na mji ambamo kazi hizo zitakaa.

Watu wengi hudhani kwamba kituo cha falaki ni nyumba ya maulamaa wanaokesha wakihesabu nyota, na kwamba asiye na shahada ya uzamivu hana la kufanya humo isipokuwa kufungua lango. Dhana hiyo si kweli, na ubatili wake huonekana mara tu mtu anapoitazama kazi yenyewe kwa karibu. Mathalan pale Sutherland, katika nyanda kavu za Karoo nchini Afrika Kusini, ipo darubini iitwayo SALT, ambayo Rais Thabo Mbeki aliizindua tarehe 10 Novemba 2005. Kioo chake si kimoja, bali ni vipande 91 vya pembe sita, kila kipande na upana wa karibu mita moja, vilivyopangwa vikafanya uso mmoja. Vumbi la Karoo hutua juu ya vioo hivyo, na ngozi nyembamba ya alumini iliyopakwa juu yake huchakaa mpaka ikapoteza uwezo wa kurudisha mwanga. Basi kipande huteremshwa, kikasafishwa, kikavuliwa alumini yake ya zamani, kikatiwa katika chombo kilichotolewa hewa, kikapakwa alumini mpya, kisha kikarudishwa mahali pake na kulinganishwa na wenzake kwa vipimo vilivyo vidogo mno kuliko unene wa unywele. Na kipande hicho kikimalizika zamu huwa ya kingine, mwaka hata mwaka. Anayeifanya kazi hiyo halazimiki kujua umri wa ulimwengu. Analazimika kuwa na mkono usiotetemeka, subira, desturi ya kuandika kila alichokifanya, na mwalimu wa kumsimamia kwa muda wa kutosha.

Kaskazini zaidi, kiasi cha kilomita 90 kutoka mji mdogo wa Carnarvon, zimesimama antena 64 za MeerKAT, kila moja na ungo wa mita 13.5, zilizozinduliwa Julai 2018. Vipokeo vyake hupozwa kwa gesi ya heliamu mpaka baridi inayokaribia nyuzi 250 chini ya sifuri, ili joto la chombo chenyewe lisiifunike sauti dhaifu itokayo angani. Baridi hiyo hudumishwa na kompresa na pampu ambazo, kama kompresa na pampu zote za dunia, huvuja, hupata moto, huziba chujio, na hudai mtu wa kuzitazama kwa ratiba. Fundi wa majokofu wa Mombasa au wa Mwanza, akiongezewa masomo yanayostahili, ataielewa kazi hii upesi kuliko profesa wa falaki. Na asiyeamini uzito wa fundi na akumbuke yaliyoipata darubini ya redio ya Hartebeesthoek, yenye ungo wa mita 26, iliyojengwa mwaka 1961 kwa ajili ya shirika la NASA: mwishoni mwa 2008 beringi yake moja kubwa iliharibika, darubini ikasimama, wala haikurudi kazini mpaka 2010. Katika muda wote huo elimu ya wanafalaki wake haikupungua hata chembe, lakini kwa darubini ile haikuwafaa kitu mpaka mafundi walipomaliza kazi yao.

Upande wa ofisi mambo ni hayo hayo. Kituo cha falaki huagiza vifaa kutoka nchi nyingi, hupokea wageni wenye viza za namna mbalimbali, hulipa mishahara ya watu wanaofanya kazi usiku na wengine mchana, huweka kumbukumbu za usalama wa watu wanaopanda juu ya vyuma virefu, hutunza bohari yenye maelfu ya vipuri, na huwajibika kwa wafadhili wa mataifa kadhaa ambao kila mmoja ana namna yake ya kutaka hesabu. Kipuri kinachokwama bandarini kwa kukosa karatasi moja huizuia darubini sawasawa na beringi iliyoharibika. Karani wa masijala, mhasibu, mtunza stoo, afisa ununuzi na yule anayejua mlango wa kugonga pale forodhani, wote hao ni sehemu ya darubini, ingawa majina yao hayaandikwi katika majarida ya sayansi.

Hata udereva, ambao wengi huuona kuwa kazi ya yeyote mwenye leseni, hugeuka kuwa elimu mahali pa namna hii. Kule Green Bank, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako tangu 1958 serikali imetenga eneo la ukimya wa redio, magari yanayokaribia darubini ni ya dizeli, kwa kuwa plagi za injini ya petroli hutoa cheche, na cheche hutoa mawimbi yanayochafua usikizi. Mafundi wa kituo huzunguka vijijini wakiwa na vipokeo garini wakitafuta chanzo cha kelele, nacho pengine ni uzio wa umeme wa mfugaji au kifaa kibovu chumbani mwa ajuza. Kazi hiyo ni nusu ya ufundi na nusu ya ujirani. Maana anayekwenda kubisha hodi na kumwomba mtu azime kitu chake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe sharti awe anafahamika, na anajua kuamkia. Mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege, hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku, huianza kazi hiyo akiwa nyuma ya mwenyeji.

Maadamu kazi ni hizo, swali si kama wenyeji wanaweza kuzifanya, bali ni lini waanze kufundishwa, na kwa amri ya nani. Hapa ndipo nchi mbalimbali zimefuata njia mbalimbali, na katika kuzilinganisha tutapata funzo.

Afrika Kusini haikulala. Mpango wake wa kukuza wataalamu kwa ajili ya mradi mkubwa wa darubini ya redio uitwao SKA ulianza mwaka 2005, miaka saba kabla ya uamuzi wa tarehe 25 Mei 2012 ulioigawanya SKA kati yake na Australia. Na jambo la kusifika ni kwamba ufadhili wake haukuishia kwa wanafunzi wa shahada za juu, bali ulishuka mpaka kwa mafundi, wakiwamo vijana wa miji iliyo karibu na antena. Wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika nao walinufaika, na Kenya ni miongoni mwa nchi nane zilizokuwa washirika wa Afrika Kusini katika jambo hilo. Lakini chumba ambamo waongozaji wa MeerKAT hukaa wakizielekeza antena hakiko Carnarvon. Kiko Cape Town, mamia ya kilomita kutoka hapo. Najua hoja ya wenye kituo: kompyuta na taa za chumba cha uongozaji hutoa mawimbi, kwa hiyo hakiwezi kuwekwa chini ya antena, tena mtaalamu mwenye mke na watoto wa shule hupenda mji mkubwa. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini inadai umbali kutoka kwenye antena tu. Haidai umbali kutoka kwa watu wa Karoo. Na hoja ya pili, tukiipima kwa mizani ya insafu, ndiyo hoja iliyowafukarisha watu wa mashamba tangu enzi za ukoloni: kwamba kazi nzuri haziwezi kukaa kwao kwa sababu kwao hakuna kazi nzuri.

Jambo hili la chumba cha uongozaji nalitilia mkazo kwa makusudi, kwa kuwa wengi wa wanaojadili ajira za wenyeji hawalioni. Zamani mwongozaji wa darubini alikaa kando yake, na kijiji kilichokuwa chini ya kilima kilikuwa na hakika ya kumwona akipita asubuhi akienda kulala. Leo nyaya za nuru hubeba amri na majibu kwa kasi, na mtu aweza kuigeuza darubini iliyo nyikani akiwa ameketi ghorofani katika mji wa mbali. Kila kazi inayoweza kufanywa mbele ya kioo cha kompyuta yaweza kuhamishwa, na kwa kawaida ikihamishwa huhamia kwa wenye nguvu. Ikiwa hati haikutaja mji, mafunzo tutakayowapa wenyeji yatakuwa ni ya kazi za nyundo na ngazi peke yake, na kazi za kalamu na kompyuta zitakuwa zimekwisha kuondoka kabla vijana wetu hawajahitimu.

Visiwani Hawaii jambo hili lilikwenda vizuri zaidi. Mlima Maunakea una kimo cha mita 4,200 na ushei, na hewa ya kileleni ni haba kiasi cha kumfanya mtu asahau alichokuwa akikifikiri. Kwa hiyo vituo vyake vilishusha kazi nyingi za usiku mpaka katika miji ya kisiwa kilekile. Keck, yenye darubini mbili za vioo vya mita 10, ina makao yake Waimea. Gemini ya Kaskazini huongozwa usiku kutoka Hilo, pwani. Kijana wa Hilo aweza kuongoza darubini usiku kucha na alfajiri akarudi kulala kwa mama yake. Juu ya hilo, tangu mwaka 2003 umekuwapo mpango uitwao Akamai, ambao huwachukua wanafunzi wa vyuo wenye asili au makazi ya Hawaii, ukawapa kwanza darasa fupi la matayarisho, kisha ukawapeleka kwa majuma kadhaa katika vituo vya falaki na makampuni ya ufundi ya visiwani, kila mmoja akiwa na kazi yake mahususi ambayo kituo chenyewe kinaihitaji, na msimamizi wake, na siku ya kusimama mbele za watu akaeleza alichokifanya. Mwanagenzi wa namna hiyo hapewi kazi za kumpumbaza. Hupewa tatizo la kweli, na akilitatua kituo hupata faida siku hiyohiyo.

Ghairi ya hayo, Hawaii inatupa onyo ambalo si haki kulificha. Mpango wa kujenga huko darubini ya mita 30 ulipingwa na Wahawaii wenyeji ambao kwao mlima ule ni mahali patakatifu. Wapingaji walikamatwa mwaka 2015, na tena 2019, wazee wakiwa mstari wa mbele barabarani. Waliotaka kujenga walikuwa wamekwisha kuanza, tangu 2014, kutoa dola milioni moja kila mwaka kwa elimu ya watoto wa kisiwa. Fedha hiyo ilisomesha, wala siibezi. Lakini haikuweza kujibu manung'uniko yaliyolimbikizana tangu 1968, Chuo Kikuu cha Hawaii kilipopewa hati ya kuukodi mlima kwa miaka 65 kwa kodi ya dola moja kwa mwaka. Mafunzo si hongo ya kununulia ridhaa. Ridhaa huombwa kwanza, na ikikataliwa imekataliwa. Ikitolewa, ndipo mafunzo huingia katika hati kama deni, si kama hisani. Serikali ya Hawaii yenyewe ilikiri haja ya mwanzo mpya ilipotunga sheria mwaka 2022 kuukabidhi mlima kwa mamlaka mpya ambamo wenyeji wana viti.

Mfano ulio karibu zaidi na rai yangu unatoka Australia Magharibi, katika nchi ya watu wa Wajarri Yamaji, ambako SKA inajenga sehemu yake ya pili, yenye antena 131,072, kila moja na kimo cha karibu mita mbili, mfano wa mti wa vyuma. Hati ya matumizi ya ardhi ilitiwa saini Novemba 2022, na ujenzi ukaanza rasmi mwezi uliofuata. Antena za kwanza ziliposimamishwa Machi 2024, waliozisimamisha walikuwa mafundi wa nyikani waliofundishwa kwa kazi hiyo hiyo, na Wajarri walikuwa miongoni mwao. Hesabu hiyo na iangaliwe kwa makini: antena zaidi ya laki moja, zote za namna moja, zenye kuunganishwa kwa mkono chini ya jua kali, ni kazi ya miaka, na aliyeziunganisha mia za kwanza ndiye atakayekuwa mwalimu wa wengine, na kesho ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuwa msimamizi wa matengenezo. Ustadi umeingia pamoja na msumari wa kwanza, kwa kuwa sharti liliutangulia msumari.

Wala mafunzo hayatoshi pasipo sauti. Katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye uwanda wenye kimo cha mita 5,000, ipo ALMA yenye antena 66, iliyozinduliwa Machi 2013. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, wafanyakazi wa Chile waliogoma kwa ajili ya mishahara na masharti ya kazi katika hewa ile haba waliisimamisha darubini hiyo kwa zaidi ya majuma mawili. Wanafalaki wa dunia walingoja. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoona kwamba mwenyeji akishafundishwa na kuajiriwa amekwisha kukirimiwa, na hana haki ya kunena tena. Hasha! Aliyefundishwa vizuri hujua thamani ya kazi yake, na kituo chenye busara humwekea mahali pa kusemea kabla hajalazimika kusemea barabarani.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, ambazo nyingine zina uzito. Wa kwanza husema kwamba falaki ni kazi ya usahihi, haiwezi kungoja watu wafundishwe. Jibu ni kwamba darubini yenyewe huwangoja wajenzi: SALT ilianza kujengwa mwaka 2000 ikazinduliwa 2005, na katika miaka mitano kijana aliyetoka shuleni huweza kupita uanagenzi, akawa fundi mchundo, akaendelea akawa fundi sanifu. Asiyemaliza mafunzo siku ya uzinduzi ni yule ambaye mafunzo yake yalianza siku ya uzinduzi.

Wa pili husema kwamba kazi zenyewe ni chache, na kwamba makelele mengi hupigwa kwa ajili ya nafasi zisizozidi mamia. Hili ni kweli, na wanasiasa wanaoahidi ajira kwa maelfu katika vituo vya falaki wanawadanganya watu. Lakini uchache ndio unaodai sharti kali zaidi: penye nafasi elfu kumi mwenyeji atapata moja hata kwa bahati, penye nafasi hamsini hatapata ila kwa kuandikiwa. Isitoshe, ujuzi huu haufungwi ndani ya uzio wa kituo. Anayejua pampu za kutoa hewa na gesi zilizoshindiliwa anaweza kutunza mtambo wa oksijeni hospitalini. Anayejua baridi kali anafaa katika ghala za samaki na chanjo. Anayejua nyaya za nuru hatakosa kazi mahali popote. Na karani aliyezoea ukaguzi wa wafadhili wa kimataifa hawezi kutishwa na leja ya halmashauri yoyote.

Wa tatu husema kwamba wakifundishwa wataondoka. Baadhi wataondoka, naam, kama wanavyoondoka mainjinia waliotoka Ulaya, ambao hakuna aliyewahi kutumia kuondoka kwao kuwa sababu ya kutowaajiri. Kituo chenye kufundisha kila mwaka hakiogopi kuondokewa. Anayeogopa ni yule aliyefundisha mara moja akidhani amemaliza.

Tukirudi kwetu Afrika Mashariki, jambo hili si la kinadharia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Wataliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Wenye nayo waliiita Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Kazi yake ilizaa orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na ilikuwa sehemu ya kazi zilizompatia Riccardo Giacconi nishani ya Nobel mwaka 2002. Kurusha kuliendelea pale mpaka 1988, na kituo cha nchi kavu kingali kikifanya kazi. Wakenya wameajiriwa humo miaka yote hiyo, na hilo nalikubali. Lakini ilichukua mpaka mapatano ya 2016 kati ya Kenya na Italia ndipo elimu na mafunzo yakatengewa fungu lake mahususi. Ni miaka 46 tangu Uhuru irushwe. Laiti fungu hilo lingalikuwamo tangu mwanzo, watoto wa wavuvi waliolitazama jukwaa lile likijengwa wangalikwisha kustaafu wakiwa mafundi wakuu, na wajukuu wao ndio wangalikuwa wakifundisha.

Na nafasi nyingine zinakuja. Nchi iliyo juu ya ikweta huona karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, jambo ambalo Ulaya na Afrika Kusini hazilipati. Na milima yetu mikavu haitaachwa daima bila kutamaniwa. Wakala wa Anga wa Kenya uliundwa mwaka 2017. Mwaka huohuo Ghana ilizindua darubini ya redio ya Kuntunse, iliyotokana na ungo wa zamani wa mawasiliano wenye upana wa mita 32, uliokwisha kupitwa na nyaya za baharini. Wahandisi wa Ghana walifundishwa Afrika Kusini, kisha wakaigeuza antena ile kwa kushirikiana na wenzao wa huko. Kule Longonot, katika Bonde la Ufa, Kenya nayo ina kituo cha antena za mawasiliano kilichofunguliwa 1970. Ungo wa chuma waweza kurithiwa; fundi wa kuufufua hana budi kufundishwa.

Basi siku itakapoletwa hati, nini kiandikwe humo? Kwanza, nafasi za kazi zitajwe moja moja, za karakana na za ofisi, tangu mtunza stoo hata mkuu wa fedha, na mbele ya kila nafasi uandikwe mwaka ambao itashikwa na mtu wa wilaya ile, au wa nchi ile ikiwa wilaya haikujaliwa. Pili, uanagenzi uanze pamoja na ujenzi, na ufanywe kwa mkono wa vyuo vilivyopo, VETA kwa Tanzania na vyuo vya ufundi kwa Kenya, ili cheti kitakachotolewa kitambulike na waajiri wote. Tatu, chumba cha uongozaji na ofisi ya utawala viwekwe katika mji ulio karibu. Nne, miongozo ya usalama na ya matengenezo iandikwe kwa Kiswahili pia, kwa kuwa mtu aliyening'inia mita 15 juu ya ardhi hapaswi kuwa anafasiri kichwani. Tano, ngazi ya kupandia iwekwe wazi, ili aliyeingia akiwa karani asikutwe baada ya miaka ishirini akiwa karani yuleyule, amewafundisha kazi mabwana watano waliokuja na kuondoka.

Kadhalika kipimo cha mafanikio kibadilike. Ripoti hupenda kuhesabu wanafunzi waliofadhiliwa na semina zilizofanywa, na hesabu hizo zaweza kuwa kubwa hali kituo kizima kinaendeshwa na wageni. Kipimo cha haki ni kwenda kituoni mwaka wa kumi, usiku, pampu ikiwa imesimama na wageni wamelala, na kuuliza ni nani anayeitwa, na nani anayetia saini ya kununua kipuri.

Mikataba ya namna hii hupita mikononi mwa wabunge na madiwani kabla ya kuwa sheria. Nao wanajua kwamba kabla ya saini mwenye ardhi ana neno, na baada ya saini hubaki na ombi. Wasidanganywe na picha za nyota wala na heshima ya kuwa wenyeji wa darubini maarufu. Wafungue hati, watafute kifungu cha mafunzo kabla ya kifungu cha kodi. Na wasipokikuta, au wakikikuta kimeandikwa kwa maneno ya kujitahidi na kadiri itakavyowezekana, wairudishe hati kwa aliyeileta.